Taa za Gari

Waliniomba nihutubu Mei kumi na saba,
ukumbi wa shule, baada ya gwaride la watoto.
"Machache tu, Selvan. Kuhusu shukrani."
Nikakesha na karatasi, na jua nalo likakesha
juu ya bandari, kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.
Miaka thelathini na minne nimepasua samaki hapa,
kisu changu kinajua njia. Kalamu haijui.

Kwetu Jaffna mama hashukuriwi kwa wali.
Mwambie asante, atakutazama:
umekuwa mgeni tangu lini?
Hapa Norwei wanashukuru hata kwa juzi.
Wakikukuta dukani: "Asante ya mara ile."
Wiki ya kwanza nilijipekua moyo mzima,
mara ipi? Nilimpa nani nini?
Nilikuwa na suruali mbili
na koti la marehemu mume wa Gudveig,
mikono yake mirefu kuliko yangu,
mfukoni tikiti ya kivuko ya mwaka wa sitini na tisa.

Januari ile jua halikuchomoza.
Nilidhani limezuiliwa mpakani
kwa kukosa karatasi.

Niandike amani? Amani ni neno la mabango.
Mimi nina usiku mmoja.

Novemba, saa tano. Theluji ilianguka kwa ubavu.
Mlango ukagongwa mara tatu.
Nikachungulia: kofia, sare, vifungo.
Mwili haukuniuliza. Ulinitia uvunguni
kabla sijakumbuka niko nchi gani.
Maana Jaffna nako uligongwa mara tatu,
kaka yangu Tharman akavaa kandambili kwenda kuitika,
na asubuhi tukaiona moja.
Mama aliiosha. Akaiweka kizingitini,
kidole kikitazama ndani.

Ukagongwa tena. Kisha sauti,
kwa Kinorwei cha polepole, kile cha kusemea watoto:
"Jirani, umeacha taa za gari zinawaka.
Betri itakufa."

Basi.
Nyayo zikashuka ngazi.
Nililala palepale mpaka saa tisa,
shavu kwenye mbao,
mtu mzima, nikililia betri.

Asubuhi gari halikuwaka.
Torbjørn wa zamu ya pili akaja na nyaya zake, akaligutusha,
wala hakuuliza kwa nini sikufungua mlango.
Askari yule sikumjua jina.
Wengine husema alihamia kusini,
wengine husema hapakuwa na askari kituoni mwaka ule,
labda alikuwa mtu wa forodha.
Sare ni sare. Mimi nilikuwa uvunguni.

Sisemi nchi hii haina miiba.
Yalini wangu aliulizwa shuleni, unatoka wapi?
Akajibu, nyumba ya manjano.
Wakamwambia, hapana, kwa kweli.
Siku hiyo alirudi akaitazama nyumba
kana kwamba imemdanganya.
Hilo nalo niliandika, kisha nikalikata,
kisha nikaliandika tena.

Zamu yangu ilipofika nilisimama, karatasi mkononi,
macho yote yananitazama, bendera ndogondogo, keki.
Nikasema, "Asante ya mara ile."
Wakacheka, wakapiga makofi,
wakangoja niendelee.
Nilikuwa nimemaliza.

Desemba iliyofuata nikitoka zamu
niliona gari la wale waliokuja kutoka Aleppo,
nyumba ya bluu, pale barabara inapoishia.
Taa zake zilikuwa zinaila theluji bure.
Nikapanda ngazi. Nikavua kofia, baridi yote ile.
Nikasimama mbali na kizingiti, mikono nje ya mifuko,
nikatanguliza sauti, halafu ndipo nikabisha,
mara moja, kwa kidole.

"Jirani. Ni taa tu. Taa za gari."

Hakufungua mtu.
Nilisikia mbao za sakafu zikilia mahali fulani,
chini chini, kisha kimya.
Nikashuka ngazi nikikanyaga kwa nguvu,
wasikie kwamba ninakwenda.